Mkanda wa jeshi: malengelenge yapo, damu ya nini?

Nafanya kazi maabara, na fomu inayonichosha kuliko zote ni ile iliyoandikwa "damu, kipimo cha mkanda wa jeshi", basi. Kipimo kipi? Cha kutafuta kirusi chenyewe, au cha kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana nacho? Majibu ya hivi viwili hayasemi jambo moja hata kidogo.

Kirusi chenyewe ni kile kile cha tetekuwanga, varisela-zosta. Mtu akishapona tetekuwanga, kirusi hakimtoki. Kinajificha kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo, na miaka mingi baadaye kinga ikilegea, kinashuka na neva hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana vipele hujipanga upande mmoja wa mwili. Kwenye damu kinaweza kuonekana, ila mara nyingi ni kidogo mno. Kwa hiyo PCR ya damu, yaani kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ikitoka hasi, usimwambie mgonjwa kwamba hana mkanda wa jeshi.

Malengelenge yakiwepo, chukua sampuli hapo hapo. Chagua lengelenge bichi lenye maji, lipasue kwa sindano safi, kisha sugua kitako chake kwa kijiti cha sampuli cha nyuzi za sintetiki. Sugua kweli, hata kama mgonjwa atakunja uso, maana chembe zilizobeba kirusi ziko pale chini. Vijiti vilivyopitishwa juu juu naviona kila mara, vikavu kabisa. Malengelenge yakishakauka, leta kigaga. Wengi hukitupa, kumbe PCR inakipenda.

Damu nayo ina wakati wake. Mgonjwa aliyepandikizwa figo, au aliye kwenye dawa za saratani, analalamika tumbo linamkata na ngozi yake haina hata kipele: huyo mtoe damu, maana kirusi huenda kimeshambulia ndani. Tumia chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. Ya kijani ina heparini, kizuia kuganda kingine, na heparini huizuia PCR isifanye kazi, ukapata hasi ya uongo. Dalili zikiwa za ubongo au utando wake, sampuli inayotakiwa zaidi ni maji ya uti wa mgongo.

Kingamwili? Kwa mkanda wa jeshi, mimi nisingetoa hela yangu. IgG, kingamwili inayobaki mwilini muda mrefu, ikiwa chanya inaonyesha tu kwamba uliwahi kukutana na kirusi, na watu wazima walio wengi wamekutana nacho. IgM, ile inayotarajiwa maambukizi yakiwa mapya, wakati mwingine haipandi kabisa, na wakati mwingine hupanda kwa sababu nyingine. IgG nitaitetea kwa mjamzito aliyekaa karibu na mgonjwa wa tetekuwanga na hakumbuki kama aliwahi kuugua mwenyewe, ili tujue kama ana kinga.

Kwenye fomu andika vipele vilianza lini, viko wapi, na kama mgonjwa ameshaanza dawa. Mistari miwili inatosha.

Na tafadhali, majibu yetu yasicheleweshe tiba. Mara nyingi daktari huutambua ugonjwa huu kwa macho tu, na dawa kama asaiklovia hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Vikiwa kwenye paji la uso au ncha ya pua, jicho liko hatarini: mgonjwa amwone daktari wa macho siku hiyo hiyo, sampuli itafuata.