Maswali ya Wasomaji: Mikasa ya Mwimbaji wa Kadongo Kamu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani hapa Jinja, alituachia mkoba mzima wa kanda za kadongo kamu, zile nyimbo za Uganda za gita moja. Katika wimbo mmoja mwimbaji anafukuzwa na wakwe zake, katika mwingine analala korokoroni kwa deni la pombe, na katika wa tatu mkewe anahamia kwa jirani. Je, mambo hayo yote yalimpata mtu mmoja, au tulikuwa tukidanganywa? Na kwa nini baba alikuwa akicheka hadi kutokwa machozi wakati mwenzake analalamika?
Msomaji, Jinja

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee. Hamkudanganywa, ingawa si kila kisa kilimpata yule aliyekiimba. Mwimbaji wa kadongo kamu, mtindo wa Buganda uliopata nguvu tangu miaka ya 1950 kwa sauti ya mtu mmoja na gita lake, ni msimulizi kwanza na mwanamuziki baadaye. Hutaja kijiji, hutaja siku, kisha huanza kueleza yaliyomfika, na wimbo unaweza kuendelea dakika nyingi bila kiitikio cha kumpumzisha. Kidole gumba kinashika nyuzi nene, kidole cha shahada kinadonoa zile nyembamba, na maneno yanapozidi mdundo, mwimbaji huacha kuimba, akazungumza tu.

Ufundi wenyewe uko katika neno "mimi". Kijijini ambako kila mtu anamjua mwenzake, kuimba kwamba fulani amepigwa na mkewe ni kutafuta ugomvi, lakini mwimbaji anaposema "nilipigwa" huwa ameibeba aibu hiyo mgongoni mwake, na mwenye kisa, aliyeketi palepale na bilauri yake, anapata nafasi ya kucheka pamoja na wengine bila kutazamwa na mtu. Chukua kodi ya kichwa, ambayo kwa miongo mingi kila mwanamume mzima alidaiwa hadi iliposimamishwa mwaka 2005. Ukaguzi ulipofika, wanaume wenye heshima zao walikimbilia migombani, na hakuna aliyependa jambo hilo litajwe mbele ya watoto wake. Fred Masagazi, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa mtindo huu, aliimba kuhusu asiyelipa kodi. Paulo Kafeero, aliyezaliwa mwaka 1970 na kufariki mwaka 2007, alipotunga wimbo wake maarufu juu ya ulevi, alimfanya mlevi mwenyewe kuwa msemaji. Naamini baba yako alicheka kwa sababu alikuwa akisikia habari za watu anaowajua, pengine na zake mwenyewe, zikisemwa bila mtu yeyote kuumbuliwa.

Hata hivyo, mikasa ya kweli ya waimbaji hawa haikupungua. Niliwahi kuketi karibu na mzee mmoja akiimba harusini, kando ya barabara ya Masaka. Alikuwa amefika mahali ambapo mchumba anabisha hodi kwa wakwe, na uzi wa gita ukakatika. Mzee hakusimama. Aliendelea kusimulia kwa mdomo kwamba wakwe bado wanavaa, mara wanatafuta kiti, mara mama mkwe amekwenda kuazima sukari, huku vidole vyake vikifunga waya aliouchomoa katika kebo ya breki ya baiskeli; mchumba yule alibaki mlangoni hadi waya ulipokubali sauti, na watu walikuwa hoi kwa kicheko. Jioni alilipwa jogoo na pesa kidogo, na katika teksi ya kurudi nyumbani kondakta akamtoza nauli ya gita kwa kuwa lilikuwa limekalia kiti. Nilipomsikia tena, kondakta, jogoo na nauli vilikuwa vimekwisha kuingia katika wimbo, na kila neno lilikuwa kweli.

Upo mkasa mmoja ambao mimi siuoni kuwa wa kuchekesha. Kanda zilinakiliwa vibandani na kuuzwa kila stendi, na mtunzi hakupata hata senti moja kwa sauti yake mwenyewe. Sheria ya sasa ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 2006, wakati Elly Wamala, mmoja wa wakubwa wa fani hii, alikuwa amekwisha kufariki miaka miwili kabla. Zitunze kanda za baba, na kama kuna maandishi ya mkono kwenye majalada yake, yatunze pia.

SWALI: Mhariri, mimi hutunga nyimbo za Kiswahili na kuziimba harusini hapa Busia. Niliimba kisa cha bwana mmoja aliyevuka mpaka kununua viatu vya harusi, akarudi na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Shemeji yangu amejitambua, na sasa hata salamu yangu haitikii. Nifanye nini?
Mtunzi, Busia

JIBU: Ndugu mtunzi, uliimba "bwana mmoja", kwa hiyo ukawapa wasikilizaji kazi ya kumtafuta huyo bwana, nao wakampata. Nenda kwake na mtu mzima wa familia, umsikilize hadi amalize, wala usimwambie kwamba ulikuwa utani tu, kwa sababu kwake haukuwa utani. Kisha urudie kuutunga wimbo. Viatu uviache, maana ndivyo vinavyochekesha, lakini ule mpaka wa nchi ugeuke soko la mji mwingine, harusi igeuke Krismasi, na anayechechemea kwenda kanisani uwe wewe mwenyewe. Mwimbie shemeji nyumbani kwake kabla hujaupeleka kwenye harusi nyingine, na akikuomba uondoe ubeti wowote, uondoe siku hiyo hiyo.