Wanawake katika mbio za magari: maswali yenu na majibu

Langalanga (Formula 1) ina sheria ya kuwazuia wanawake? Mbona hatuwaoni?

Haina. Tangu mashindano ya dunia yaanze mwaka 1950, wanawake watano wameingia kujaribu kufuzu, na wawili tu ndio walioanza mbio: Maria Teresa de Filippis mwaka 1958, kisha Lella Lombardi. Lombardi alishika nafasi ya sita Hispania mwaka 1975, katika barabara za Montjuïc. Ajali ilisimamisha mbio mzunguko wa 29 kati ya 75, pointi zikatolewa nusu, ndiyo maana ana 0.5. Hakuna mwanamke mwingine aliyepata hata hiyo.

Eti usukani wa Formula 2 ni mzito mno kwa mwanamke?

Ni mzito kwa yeyote mwenye mabega madogo, akiwemo mwanaume. Gari la langalanga lina pawa stelingi, mtambo unaomsaidia dereva kuzungusha usukani. Ya Formula 2 na Formula 3, madaraja yaliyo chini yake, hayana, na madereva wengi hupitia huko. Kwenye kona za kasi hewa hugandamiza gari chini, na mzigo wote huo unaishia mikononi.

Fundi anaweza kupunguza uzito, ila kila dawa ina gharama yake. Akipunguza pembe ya kasta (mlalo wa mhimili ambao tairi la mbele hugeukia), usukani unalegea lakini tairi za mbele hazing'ati vizuri kwenye kona. Akiweka pinioni (gia ndogo ya usukani) yenye meno machache, usukani unalegea lakini dereva anazungusha zaidi kwenye kona kali. Usukani mpana zaidi unampa nguvu, mpaka ugonge magoti.

Kwa hiyo anza na siti, na hapa ndipo timu nyingi hulipua kazi. Siti humwagwa kwa povu la kemikali mbili ndani ya mfuko, dereva akiwa ameketi juu yake. Avae ovaroli, helmeti na kinga ya shingo, si fulana. Akimwagiwa akiwa na fulana, siku ya mbio siti itambana. Viwiko vibaki vimepinda, na goti libaki na mkunjo hata anapokanyaga breki hadi mwisho. Mguu ukinyooka kabisa hatapata nguvu ya kukanyaga, na breki za magari haya hudai zaidi ya kilo 100 za nguvu ya mguu. Kwa mwanamke, povu lijaze vizuri pembeni mwa nyonga na chini ya mbavu. Likipungua hapo, mwili unateleza, naye anaanza kujishikilia kwa usukani. Mikono huchoka kwa kujishikilia, watu wakidhani ni kwa kukata kona.

Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, kamwe si tumboni, na ukazwe kwanza. Ya mabegani ifuate.

Dereva mwepesi si ana faida?

Ilikuwa hivyo. Tangu 2019 dereva wa langalanga pamoja na siti yake hawaruhusiwi kuwa chini ya kilo 80, na kuanzia 2025 ni 82. Zinazopungua hufidiwa kwa vyuma palepale kwenye siti.

F1 Academy itamfikisha binti langalanga?

Peke yake, haitoshi. Ni mashindano ya wanawake tu, yaliyoanza 2023 yakitumia gari la kampuni ya Tatuus la daraja la Formula 4, ngazi ya chini ya Formula 3, injini ya lita 1.4 yenye turbo, takriban nguvu farasi 174. Leseni ya langalanga inadai pointi 40, na bingwa wa F1 Academy anapata 10. Faida yake kubwa ni kilomita za mazoezi na macho ya wadhamini. Jamie Chadwick alitwaa mataji yote matatu ya W Series, mashindano ya wanawake yaliyoitangulia, bado hakupata siti Formula 3 wala Formula 2. Akaenda Marekani, kwenye Indy NXT, daraja lililo chini ya IndyCar, mbio kuu za magari ya aina hii huko. Kipaji alikuwa nacho. Kilichokosekana ni fedha ya msimu.

Safari Rally je, kuna mwanamke aliyewahi kung'ara?

Michèle Mouton wa Ufaransa, mwaka 1983, akiwa na Audi Quattro: nafasi ya tatu, nyuma ya Ari Vatanen na Hannu Mikkola. Mwaka mmoja kabla alishinda Ureno, Ugiriki na Brazili, akamaliza wa pili duniani nyuma ya Walter Röhrl. Quattro ile ilikuwa nzito kuiongoza kuliko magari mengi ya leo.