Yaandike matusi kama yalivyotamkwa

Wiki hii mmeuliza: fujo zikizuka, mtu afanye nini abaki salama, na akishambuliwa kwa sababu ya rangi, dini au kabila lake, kuripoti kunamsaidia nini?

La usalama nitalisema kwa ufupi, maana kubwa lake ni moja: ondoka mapema. Watu wengi huponzwa na hamu ya kuona. Umati ukiwa bado unaimba, njia ziko wazi. Mawe yakianza kuruka, barabara zinafungwa na kila mtu anakimbilia uchochoro uleule. Ukishabanwa katikati, usishindane na msukumo. Kunja mikono mbele ya kifua ili upate nafasi ya kupumua, kisha sogea kimshazari kuelekea pembeni kila msukumo unapolegea. Simu ikianguka, iache. Gesi ya machozi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo tafuta palipoinuka, uende upepo ukikupiga usoni. Usifikiche macho, suuza kwa maji mengi safi. Ukiwa ndani, kaa mbali na madirisha ya barabarani, na tafadhali usichungulie.

Kuna hatari nyingine inayokaa mfukoni. Julai 29, 2024, mjini Southport, Uingereza, wasichana watatu wadogo waliuawa kwa kisu kwenye darasa la dansi. Mara mitandao ikajaa habari kwamba muuaji ni Mwislamu mwomba hifadhi aliyeingia kwa boti. Uongo mtupu, kijana yule alizaliwa Cardiff, Wales. Kesho yake jioni umati ukaushambulia msikiti wa Southport, na Agosti 4, karibu na Rotherham, watu wakajaribu kuichoma hoteli ya waomba hifadhi huku wenyewe wakiwa ndani. Ile "natuma kama nilivyopokea" haimwondolei mtu lawama.

Sasa kuripoti, ambako ndiko nilikokusudia kufika. Nimewasindikiza watu kadhaa kituoni, na jambo linalojirudia ni hili: mtu anaeleza vizuri kabisa dirisha lililovunjwa na jeraha alilopata, lakini matusi anayaruka. Anaona haya kuyatamka mbele ya askari, au anadhani "alinitukana" inatosha. Haitoshi. Askari anaandika "uharibifu wa mali", na ile chuki inapotea kwenye karatasi kabla kesi haijaanza. Jiwe ni lilelile, limerushwa na mlevi au na mtu anayepiga kelele "rudini kwenu". Kwa hiyo yaandike saa ileile, neno kwa neno, hata yawe machafu kiasi gani. Andika aliyetamka alivaa nini, alitamka kabla ya kupiga au baada, na nani mwingine alisikia. Kumbukumbu ya mtu aliyeshtuka huanza kujirekebisha usiku huohuo.

Sheria yenyewe inayataka maneno hayo. England na Wales, kifungu cha 66 cha Sheria ya Hukumu ya 2020 kinaitaka mahakama ihesabu uhasama wa rangi au dini kuwa jambo linaloongeza uzito wa kosa; vivyo hivyo ulemavu na mwelekeo wa kimapenzi. Kenya nayo, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inayoharamisha matamshi ya chuki. Yote hayo hayana meno kama hakuna aliyeandika kilichosemwa.

Nguo ulizovaa usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki unyevu huziotesha ukungu. Maandishi ya chuki ukutani yapige picha kabla hujayafuta, na ya mtandaoni yanase pamoja na jina la akaunti na tarehe. Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa London Aprili 1993, na ilikuwa 2012 ndipo wawili kati ya waliohusika walipotiwa hatiani. Kilichowafunga ni chembe ndogo ya damu, na nyuzi, kwenye nguo zao zilizokuwa zimehifadhiwa miaka yote hiyo.

Kituoni usiondoke bila namba ya ripoti yako: Kenya wanaiita OB, Tanzania RB. Ukiwa umeumia, ulizia fomu ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha, P3 Kenya, PF3 Tanzania. Askari akigoma kuandika, uliza jina lake kwa adabu, kisha panda kwa mkubwa wake. Kugombana naye kaunta hakujawahi kumwandikia mtu ripoti.

Kesi hiyohiyo ya Lawrence iliacha jambo jingine. Ripoti ya 1999 ya Sir William Macpherson, jaji mstaafu aliyeongoza uchunguzi wa kesi hiyo, ilipendekeza kwamba tukio lihesabiwe la kibaguzi endapo mwathiriwa au mtu mwingine yeyote analiona hivyo. Shahidi naye basi ana la kusema. Kama hukupigwa wewe lakini ulisikia, nenda kituoni na aliyepigwa, au nenda peke yako. Asiye na kibali cha ukaazi mara nyingi haendi kabisa, anaogopa kurudishwa kwao, na maelezo yako huenda yakawa ndiyo pekee yatakayoingia kitabuni.