Jibu: Kupandisha spidi ya i5-6600K kwa feni tu, Tabora
Mkuu, umeuliza kama prosesa yako ya Intel, i5-6600K, itafika gigahezi 4.4 kwa kupozwa na feni tu. Inawezekana, ila madabodi (bodi kuu ya kompyuta) iwe ya chipseti ya Z170 au Z270, zinazoruhusu kupandisha spidi.

Kwanza fungua kava. Vumbi letu la kiangazi hujipanga kwenye mapezi ya hitsinki, kile chuma cha kupozea prosesa, kama blanketi. Yangu niliipiga brashi ya rangi, joto likashuka nyuzi 9 kabla sijagusa kitu kingine!

Ndipo uingie kwenye bayosi (menyu ya mipangilio unayoifungua kompyuta inapowaka), upande megahezi 100 tu kila hatua, halafu uitwishe kazi nzito nusu saa. Ikivuka nyuzi 85, shuka. Volteji isizidi 1.35, maana volteji kubwa ndiyo inayoua prosesa. Na jaribu saa nane mchana, mwezi wa kumi, joto likiwa kali. Usiku wa Juni utakudanganya kwa baridi yake.