Mawe ya mbele makali, vilima vya nyuma vimelegea? Lenzi mpya ngoja kwanza

Mkuu umeuliza mbona picha zako za Ngong, kando ya Nairobi, mawe ya hapo mbele yanatoka shap lakini vilima na yale mapangaboi ya upepo ya kutengeneza stima kule nyuma yanakuwa laini laini, na kama ununue lenzi ingine. Pesa weka kwanza.

Umesema una kamera ya sensa ndogo (APS-C), lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, na unafuata hesabu ya haipafokali (ile ya kutafuta umbali wa kufokasi ndio karibu na mbali vyote vitoke vikali). Hesabu si ya uongo, kwa 18mm (lenzi ikiwa pana kabisa) na f/8 (namba ya tundu la lenzi, ikipanda tundu linakuwa dogo) inakuambia fokasi kama mita 2 na kila kitu kutoka mita 1 mpaka upeo wa macho kitahesabika kikali. Sasa shida iko hapo kwa kuhesabika, juu kipimo chenyewe kiliwekewa picha ya kuchapishwa si kubwa sana, mtu anaiangalia akiwa ameishika mkononi, na wewe unaifungua kwa kompyuta unazumu asilimia 100 alafu unashangaa. Kitu cha mbali kabisa kiko pale kwa ukingo wa kinachokubalika, kimepita tu kwa kuponea.

Mimi huwa nafokasi kule mbali kabisa kama picha ni ya vilima. Na hapa ndio watu hubisha: unapoteza nini? Kwa hiyo 18mm na f/8 ukifokasi mbali, ukali unaanza kama mita 2 badala ya mita 1. Basi! Kama hakuna jiwe limekaa karibu na viatu vyako hujapoteza kitu, na kama liko piga mbili, moja fokasi kwa jiwe ingine mbali, uziunganishe nyumbani kwa kompyuta.

Usiamini alama ya mwisho kwa lenzi (∞, ya mbali kabisa), nyingi zinazunguka zikapita hapo. Zima autofokasi, kuza picha kwa skrini ya nyuma mara 10, shika mnara wa pangaboi (si panga, linazunguka), zungusha polepole mpaka ukingo ukae. Na f/22 achana nayo, tundu likiwa dogo hivyo mwanga unasambaa na picha yote inalegea, f/8 au f/11 inatosha.

Alafu Ngong kuna upepo bana. Tripodi yako usiinue ile nguzo ya katikati, na begi ukilining'iniza chini yake liguse ardhi, likibembea ni mtikisiko tu unaongeza. Heri upandishe ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) hadi 400 shata, ile pazia ya kamera, iende haraka.

Kitu kingine hakuna fokasi itakusaidia ni joto. Nenda Nairobi National Park saa saba mchana na lenzi ya 300mm uelekeze majumba ya mjini, utaona yanacheza cheza kwa skrini, hiyo ni hewa ya moto inapanda kutoka kwa nyasi na hata lenzi ya bei ya gari itaona hivyo hivyo. Ingia geti likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, ikiwezekana baada ya mvua ya usiku. Mnakumbuka 2020 ile picha ya Mlima Kenya umesimama nyuma ya majumba ya Nairobi watu wakabisha ati ni ya kompyuta? Ilikuwa ya kweli, ni asubuhi na hewa safi, basi.

Ukirudi Ngong piga mbili kutoka pale pale, moja fokasi mita 2, ingine kwa mnara, uziweke hapa bila kuziediti tuangalie.