Usiguse gesi kabla hujauliza upepo: yaliyonikuta na kikaushio cha dagaa

Juzi jioni nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Ukerewe. "Shikamoo kaka. Kikaushio changu cha gesi kinababua dagaa juu, ndani wanabaki wabichi. Niongeze moto au ninunue feni kubwa?" Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikalijibu vibaya mara mbili katika usiku mmoja.

Mnaonisoma hapa mnajua tunachokitafuta. Hakuna kati yetu anayetaka kuzeeka akianika dagaa mchangani kule Igombe, akikimbia na turubai kila wingu linapotokea ziwani. Tunataka dagaa wasio na mchanga, wanaofungwa kwenye pakiti na kupanda basi. Ndiyo maana nilichomelea kabati langu la bati mwenyewe: trei ishirini za wavu, bana ya gesi chini, na feni ya konokono inayopitisha hewa kwenye moto na kuisukuma juu kwenye trei. Mota ya hosipawa moja, mizunguko 1,440 kwa dakika. Puli ya mota inchi 3, ya feni inchi 6, kwa hiyo feni ilizunguka 720. Sikuiga kwa mtu. Hilo naomba liandikwe.

Ilikuwa Aprili, mwezi haupo, ule wakati wa giza ambao mitumbwi inarudi na dagaa hadi watu wanakosa pa kuwaweka, na mvua ya masika haikatiki. Mama mmoja wa Mwaloni Kirumba akaniletea ndoo kumi na mbili. Nikajaza trei hadi juu, maana tamaa nayo ni ugonjwa.

Saa nane usiku bado wabichi. Nikafungua gesi zaidi. Baada ya saa moja walikuwa na rangi ya kahawia, wazuri kwa macho. Nikamvunja mmoja: kach! Kisha kidole kikalowa. Ngozi ilikuwa imekuwa ganda, maji yamefungiwa ndani.

Basi nikasema tatizo ni upepo. Nikatoa puli ya inchi 3, nikafunga ya inchi 4 niliyokuwa nayo kwenye boksi la vyuma. Feni ikavuma kama ndege inatua. Nilijisifu kwa kama dakika arobaini, halafu ikaja ile harufu ya vanishi inayoungua. Mota kwisha.

Asubuhi mama akafika. Akachota kiganja kimoja, akanitazama, akasema mbele ya vijana wote wa bodaboda: "Mwanangu, hawa ni dagaa au ni uji?" Nilimlipa kila ndoo kwa pesa ya ada ya mtoto. Mama huyo hajarudi kwangu mpaka leo, na nikipita Kirumba bado nazunguka upande wa pili wa soko.

Aliyenifungua macho ni fundi wa kuwaindi mota, yaani kusuka upya nyaya za ndani zikiungua. Hakunipa pole. Aliniuliza tu, "Kibao cha mota yako kinasema ampea ngapi?" Sikujua. Akanichorea chini kwa chaki: ukitoka puli ya inchi 3 kwenda 4, hewa inaongezeka theluthi moja, lakini mzigo wa mota unapanda zaidi ya mara mbili. Kibao kilisema mwisho ampea 7. Mimi sikuwa hata na klampu mita ya kupimia ampea.

Akauliza tena: "Hewa inatokea wapi?" Hapo ndipo nilipoona aibu. Bomba la juu nilikuwa nimelisokomeza gunia ili joto lisipotee, nibane gesi. Sasa sikilizeni vizuri: gesi ya mtungi ikiungua inatoa maji. Kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Kabati langu moto unawaka humohumo ndani, kwa hiyo kila nilipoongeza moto nilikuwa naongeza na maji, juu ya maji ya dagaa wenyewe, na mlango wa kutokea nimeuziba kwa mkono wangu.

Kwa hiyo kijana wangu, usiguse gesi kwanza. Gusa upepo. Na kabla ya kugusa upepo, pima. Weka kipimajoto hewa inapoingia na kingine inapotoka kwenye moto. Hewa ikiingia na nyuzi 24 ikatoka na 54, imepanda 30. Moto ukiwa uleule, ukipunguza upepo nusu, itapanda 60, na nyuzi 84 huo si ukaushaji, unapika. Mimi hewa inayotoka kwenye moto sivuki nyuzi 60. Bomba liwe wazi. Dagaa wawe tabaka jembamba, kwa sababu hewa ni mvivu, inapita penye nafasi. Ukishafungua njia ya hewa pima ampea tena, maana feni ya konokono ikipata nafasi inabeba hewa nyingi zaidi na mota inalemewa. Na moto uwe wa bluu. Ukiona wa njano, zima, usiendelee, masizi yataishia kwenye dagaa na hewa yake inaua. Umeme uzimwe kabla ya kushika puli.

Nimesema pima? Pima. Vijana wa siku hizi mnapenda kununua. Feni haivumi vizuri, mnanunua feni. Joto halitoshi, mnanunua bana. Kipimajoto ambacho bei yake haifiki robo ya mtungi mmoja hamtaki, kwa sababu hakipigiki picha. Mungu alikupa macho, na kibao cha mota kimeandikwa ili kisomwe. Mimi leo natumia puli ileile ya inchi 3, feni ileile, mota ileile iliyowaindiwa. Inakula ampea 5 na nusu, na masika nakausha.

Nilimtumia yote hayo. Akajibu saa tano usiku: "Asante kaka. Ila kibao cha mota yangu kimepakwa rangi, hakisomeki."

Nimemwambia atafute msasa laini, asugue taratibu.