Pombe za Dar kwa mwenye begi mgongoni: uliza saa kabla ya bei

Ukiwa Dar es Salaam unaweza kuonja pombe za karibu nusu ya nchi bila kupanda basi la mkoani, maana watu wa mikoa yote wamo humu na wamekuja na vilevi vyao. Za kienyeji ndizo nafuu kuliko zote. Wageni wengi hukosea kwenye saa: wanakunywa mnazi uliolala, mbege iliyopitiliza au Chibuku iliyovimba, halafu wanasingizia kwamba matumbo yao hayaelewani na pombe za kienyeji.

Mnazi ndio wa kuanza nao. Upatikanaji ni mzuri zaidi pembezoni mwa mji: Kigamboni, Mbagala kwa ndani, na njia ya Bunju kuelekea Bagamoyo. Rahisi kuliko zote ni Kigamboni. Vuka kwa pantoni pale Magogoni, mtembea kwa miguu analipa shilingi 200, kisha panda daladala mpaka Mjimwema au Kibada na uulize anakouza mgema.

Mgema hupanda asubuhi na jioni. Kila akipanda huchonga upya ncha ya karara kwa kotama ili utomvu usikatike, kisha huteremka na kilichojaa kibuyuni. Utomvu ule huanza kuchacha hukohuko juu ya mti, kwa sababu chachu ya jana imeganda kwenye kuta za kibuyu. Ndiyo maana saa chache zinabadilisha kila kitu. Mnazi wa saa tatu asubuhi ni mtamu, una gesi kidogo na kilevi chake hakifiki mbali. Huohuo ukiufuata saa tisa alasiri umeshakolea, utamu umepungua na ulimi unauma kwa mbali. Usiku unakuwa mkali, na ukilala hadi kesho yake unaelekea kuwa siki. Kwa hiyo muulize muuzaji: "Huu umeshuka lini?" Akisita, omba nusu glasi uonje. Hakuna atakayekushangaa.

Mnazi mzuri ni mweupe kama maji ya mchele na una povu jembamba linalorudi ukiutikisa. Ukiwa mwepesi, haufanyi povu na utamu wake unang'ang'ania kooni, umetiwa maji na sukari. (Yule mgema wa kwenye methali, anayesifiwa kisha akalitia tembo maji, bado yupo kazini.) Kinachotisha hapo ni yale maji yenyewe, kwani mnazi hauchemshwi popote njiani. Wakati wa mvua, kukiwa na tetesi za kipindupindu, uache kabisa. Siku za kawaida nenda na kikombe chako, kwa sababu bilauri za kilabuni husuuzwa kwenye ndoo moja kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Ukiununua kwenye chupa ya plastiki, usikaze kifuniko. Gesi haina pa kutokea, chupa inavimba, na ikipasuka ndani ya begi nguo zote zitanuka uchachu kwa wiki nzima.

Mbege ina mahesabu tofauti. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichache siku kadhaa, zikatiwa magome ya msesewe ya kuleta uchungu, na mwisho hukorogewa uji wa kimea cha ulezi. Ikishatiwa kimea inafaa kunywewa kesho yake, na baada ya hapo inazidi kuwa chachu. Waulizie watu wa Kilimanjaro, hasa ukanda wa Kimara na Mbezi, wakuambie kilabu gani kinatoa mpya siku gani. Ulezi hutuama chini, kwa hiyo koroga kabla ya kila funda. Na usile sana kabla ya kwenda, maana lita moja ya mbege ni mlo.

Chibuku, ya mahindi na mtama, inaendelea kuchacha hata baada ya kutoka kiwandani, na maisha yake ni siku chache tu. Soma tarehe, tikisa, fungua taratibu. Ulanzi, pombe ya mianzi, unaoukuta Dar umeshachoshwa na safari ndefu kutoka Iringa au Njombe. Usubiri uende kuunywa kwao wakati wa mvua.

Kwenye bia, kinachopandisha bei ni kiti unachokalia. Safari ya nusu lita ni ileile Masaki na Sinza, ila Masaki unalipia na upepo wa bahari. Baa za Sinza, Magomeni, Mwananyamala au Tandika zitakuuzia kwa bei ya kawaida, mara nyingi shilingi 2,000 hadi 3,000, na grosari huwa chini kidogo ya baa. Kama unalinganisha ladha, anza na Kilimanjaro yenye asilimia 4.5, ambayo ni nyepesi, umalizie na Safari yenye 5.5. Ukianza na Safari, Kilimanjaro itakuwa kama maji. Sema mapema unataka ya baridi au ya moto. "Ya moto" ni ile isiyopita kwenye friji, na ina wateja wake wengi.

Chupa ifunguliwe mbele yako. Chupa tupu zibaki mezani mpaka ulipe, kwa sababu ndizo ushahidi wako bili ikija imenenepa. Njia salama zaidi ni kulipa kila mhudumu anapoleta. Akikuuliza "na mimi nakunywa nini?", jibu kwa tabasamu, ila ujue ukisema ndiyo umeshatoa ofa.

Konyagi inataka hesabu. Ina asilimia 35, kwa hiyo chupa ndogo ya mililita 250 ina kilevi cha Safari tatu na ushee, na mzinga wa mililita 750 unazidi Safari tisa. Watu wanne mkichanga mzinga mmoja mtakunywa kwa nafuu kuliko bia, mradi kila kipimo kimoja kiende na vipimo vitatu vya Stoney Tangawizi au maji na ndimu. Ukibanwa na bajeti kishawishi ni kuinywa kavu ili pesa isiishe haraka. Atakayeisha haraka ni wewe.

Pombe kali nunua ya chupa iliyofungwa tu, yenye stempu ya TRA. Stempu za kielektroniki zipo tangu 2019, na unaweza kuzihakiki kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017, hivyo anayekuletea kiroba anakuletea magendo.

Gongo, ile pombe kali ya kienyeji, hatuipendekezi, hata kwa kuonja. Ni kosa kisheria, na hakuna jicho wala pua inayoweza kutambua kama imeongezewa methanoli, kwa kuwa inanukia kama kilevi cha kawaida. Sumu hiyo haiumi mara moja. Mtu analala vizuri, kisha baada ya saa kumi na mbili hadi ishirini na nne anaanza kutapika, tumbo linakaza, pumzi inakwenda mbio na macho yanaona ukungu. Hiyo si hali ya kungojea supu ya kuzimua. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme wazi alikunywa nini, kwani dawa ipo na kila saa inayopotea inakula macho yake.

Kwa siku ya kawaida ya kuzimua, supu ya mbuzi na chapati asubuhi inatosha, pamoja na maji mengi kuliko unavyodhani. Joto la Dar limeshakukausha kabla hata hujagusa chupa.

Ukitaka zawadi ya kubeba, chukua Konyagi ndogo au dompo, divai ya Dodoma, uiviringishe kwenye fulana katikati ya begi. Mnazi unywe palepale ulipogemwa.